Bado Ina Ukungu

Kwa miezi minne Mzee Mitambo alihangaika kutengeneza kompyuta ambayo haikuwa mbovu, na katika miezi hiyohiyo macho ya mkewe yakawa yanazimika kwenye kiti cha pembeni yake. Watu wa mtaani waliopata habari baadaye walisema mzee yule ni mjinga. Si kweli. Kuanzia saluni ya kona hadi ofisi ya maji hapakuwa na mtu mwenye kichwa cha mashine kama chake. Kosa lake ni kwamba alimwamini mke wake kuliko alivyojiamini mwenyewe, tena alikuwa na sababu, nayo tuieleze kwanza asije akahukumiwa bure.

Kabla hajaota mvi alikuwa mwendesha mitambo katika jumba la sinema la mji ule, naye mkewe ndiye aliyekuwa akikata tiketi dirishani. Ndiyo maana mtaani mmoja aliitwa Mzee Mitambo na mwingine Bi Tiketi, hata na watoto waliozaliwa jumba likiwa limeshageuzwa ghala la magodoro. Mzee alivaa miwani mizito tangu shuleni. Kutoka kwenye chumba chake cha juu, chenye joto la taa na harufu ya mafuta ya mashine, hakuwahi kuwa na hakika kama picha kule mbele imekaa sawa. Siku moja alionyesha filamu nzima ikiwa na ukungu, watu wakapiga mbinja, na meneja akamwita mbele ya wafagiaji akamwuliza kama ile miwani ni ya urembo.

Kuanzia onyesho lililofuata, binti wa tiketi alifunga dirisha lake, akaingia ukumbini, akasimama nyuma kabisa na kummulikia tochi darini. Mmuliko mmoja maana yake bado. Miwili, tulia hapohapo. Mzee akawa anazungusha lenzi kwa macho ya yule binti, na hakuzomewa tena mpaka jumba lilipofungwa. Posa ilipopelekwa, wenzao wa kazini walisema hawa walishaoana zamani, kilichobaki ni karatasi.

Baada ya sinema kufa, mzee alipata kazi ya kutengeneza kompyuta katika ofisi moja mpaka akastaafu. Siku ya kuagwa alipewa saa ya ukutani na kompyuta iliyokuwa itupwe. Ile saa ilisimama mwaka huohuo. Kompyuta ilikuwa nzito, ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi ukaikuta bado inajifikiria, lakini mzee aliifuta yote, akaitia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nayo ikaamka. Tangu hapo ukimtajia Linux alikuwa anaongea kama mtu anayesifia mjomba wake: ya bure, haina makuu, haikusumbui kila asubuhi kukuomba hiki na kile. Wageni walijifunza kutoiulizia.

Nyumba ilikuwa ya kimya. Haikuwa na ugomvi, ila watu waliokaa pamoja miaka yote hiyo walikuwa wameshamaliza maneno. Mzee alijua mkewe anakunywa nini na saa ngapi, na mkewe alijua kikohozi cha mzee kina maana gani, kwa hiyo siku ingeweza kwisha pasipo kuulizana neno.

*

Mambo yalianza na simu ya binti yao, mwalimu wa shule ya msingi katika mji mwingine. Alisema ameona ile filamu yao ya zamani, ya mwanamke wa stesheni, kwenye moja ya zile huduma za mtandaoni, na ameshawalipia, wafungue tu watazame. Bi Tiketi alikaa chini na simu mkononi. Filamu ile ilikaa wiki tisa kwenye jumba lao. Ilikuwa wiki ya tisa mzee, ambaye wakati ule hakuwa mzee hata kidogo, aliposhuka kutoka chumba chake cha juu akiwa na grisi mpaka kwenye masikio, akamwuliza kama atakubali kuolewa naye.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana walivuta mapazia ya sebuleni, wakaunganisha kompyuta na kioo cha kuonyeshea picha, kikubwa kiasi, ambacho mzee alikuwa nacho, na kuketi. Kilichotokea ni maandishi meupe kwamba filamu hii haiwezi kuonyeshwa kwenye kifaa chako. Mzee hakuvunjika moyo. Aliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, akaruhusu filamu zenye kufuli la kuzuia wizi zichezwe, akazima, akawasha. Treni ikaingia stesheni, lakini ilikuwa treni ya moshi mtupu. Sura za watu zilionekana kama zimesuguliwa kwa kifutio.

"Vipi, mama?" aliuliza kutoka nyuma ya kioo, alikokuwa ameinama kushika nyaya.

"Bado. Ina ukungu."

Akamweleza kwamba jamaa wenye filamu hawaiamini Linux. Wanadhani watu wake watawaibia, kwa hiyo picha nzuri wanawapa wengine, na watu wa Linux wanapewa ile nyepesi.

"Yaani sisi ndio wale wa viti vya mbele," alisema Bi Tiketi.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Viti vya mbele ndivyo vilivyokuwa vya bei ya chini, mtu anatazama ameinua shingo kama anayekunywa dawa. Wakaanza kukumbushana nani alikaa wapi, na yule kinyozi aliyekuwa akikata tiketi mbili kila Jumamosi, moja yake na moja ya kofia yake. Siku hiyo hawakutazama filamu. Waliongea mpaka chai.

*

Jumamosi ya tatu mzee aliipata dawa. Wiki nzima alikuwa amesoma kwenye vikao vya mtandaoni, ambako watu wa Linux husaidiana na kutukanana kwa kiasi kilekile, na mmoja alikuwa ameandika hatua kwa hatua kivinjari gani kitumike na kipangwe vipi. Mzee alizifuata zote kwa daftari na kalamu. Treni ilipoingia, aliona vifungo kwenye koti la mkuu wa stesheni. Aliweza kuvihesabu. Aliona mpaka uzi uliolegea kwenye kimoja.

"Vipi sasa, mama?"

Bi Tiketi alikaza macho kwenye kioo. Alisogeza kichwa kushoto, akakirudisha.

"Bado. Ukungu bado upo."

Hapo ndipo nyumba ile ilipopotea njia, na mimi kila nikifika hapa roho inaniuma. Mzee alitazama tena. Vifungo vilikuwepo. Lakini tangu lini macho yake yeye yakashinda ya binti wa tiketi? Akajiambia kwamba miwani inamdanganya, kwamba mtu akitamani sana kitu hukiona hata kisipokuwepo. Akafungua daftari, akafuta kila alichokifanya hatua kwa hatua, akaanza upya.

Kuanzia hapo Jumamosi zilifuatana. Alibadilisha waya. Alibadilisha kioo, akaazima kingine ofisini kwake kwa zamani, ambako mlinzi mpya alimwandikisha kwenye kitabu cha wageni na kumwuliza amekuja kumwona nani. Aliondoa Linux moja akatia nyingine, maana ziko nyingi, zina koo na matawi kama familia. Alikwenda mpaka kwenye duka la kompyuta la mjini kuomba ushauri, na mwanamke wa pale, mtu mzima mwenye heshima zake, alimsikiliza hadi mwisho kisha akamwambia kwa upole kwamba kwa umri wake angejinunulia tu televisheni akapumzika. Wateja wawili walitabasamu. Mzee aliaga, akasahau mwavuli wake pale, na hakurudi kuuchukua.

Binti naye alikuwa akipiga simu kusema lilelile: awanunulie televisheni ya kisasa yaishe. Mzee alimjibu kwamba mtu aliyeendesha mitambo ya sinema miaka kumi na saba hawezi kushindwa na kivinjari.

Jirani mwenye saluni, aliyekuwa na televisheni ukuta mzima, alipata habari ya filamu akawakaribisha. Walikwenda shingo upande, wakiwa wamevaa viatu vya kutokea. Picha ya pale ilikuwa kali mpaka unaona unga usoni kwa mwigizaji. Mzee alitazama dakika mbili tu, muda wote uliobaki alikuwa anamwangalia mkewe, na walipotoka nje akamwuliza anaionaje.

"Haina tofauti na yetu," alisema Bi Tiketi.

Mzee alirudi nyumbani kifua mbele. Televisheni ya ukuta mzima, na haina tofauti na kompyuta iliyookolewa jalalani! Alilisimulia jambo hilo wiki nzima, kwa muuza mkate, kwa msoma mita, kwa kila mtu. Hakujiuliza hata mara moja.

Mambo mengine yalikuwa yakitokea mbele ya macho yake. Bi Tiketi alianza kugonga bega la kulia kwenye mwimo wa mlango. Alipindua kikombe kilichokuwa kulia kwake, akasema ameharakisha. Nguo aliyoanza kuishona aliiweka kapuni, akasema rangi yake haimpendezi tena. Lakini pia alianza kuchana nywele vizuri siku za Jumamosi na kupaka mafuta mazuri. Alikuwa anaketi mapema kabla mzee hajamaliza kufunga nyaya, na kila mzee alipotoa kichwa nyuma ya mashine kumwuliza vipi sasa, alikuwa na la kusema, na baada ya hilo la kusema walikuwa na la kucheka. Mzee aliona kwamba hajawahi kufurahi hivyo tangu jumba lifungwe. Alitamani sana aitengeneze picha, na pembeni ya tamaa hiyo hakuwa na haraka yoyote.

*

Binti alikuja likizo ya shule ilipofika, akiwa na begi moja na madaftari ya kusahihisha. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo mapazia yalikuwa yamevutwa. Alisalimia, akashikwa kichwa na mama yake, akakaribishwa kiti, na baba yake akamwambia anyamaze kwanza, leo amerudia zile hatua za mwanzo, zile za Jumamosi ya tatu, kwa sababu njia nyingine zote zimegoma.

Treni ikaingia stesheni.

"Bado, mzee," alisema Bi Tiketi. "Labda imepungua kidogo."

Binti alitazama kioo, akamtazama mama yake, akarudi kutazama kioo.

"Baba, mbona picha ni safi?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema mzee kutoka nyuma ya mashine. "Najua umechoka na safari, unataka tumalize upate kula."

"Baba, njoo mbele. Njoo utazame wewe mwenyewe."

Mzee alikuja mbele. Vifungo vya koti vilikuwa pale, na uzi ulikuwa pale. Wakati huo binti alikuwa ameinuka, amesimama upande wa kulia wa kiti cha mama yake, na amenyoosha mkono wake hewani. Alifundisha watoto wa darasa la kwanza, na alikuwa na sauti yake ya darasani, ile isiyomtisha mtu.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?"

"Vidole gani?" aliuliza Bi Tiketi.

Filamu iliendelea peke yake, mwanamke akashuka na sanduku lake. Hakuna aliyeizima. Mzee Mitambo alishika ukingo wa meza, na jambo la kwanza alilolifikiria, akaja kulijutia, ni kwamba basi Jumamosi ya tatu alikuwa ameipata sawasawa.

*

Kliniki ya macho ilikuwa na mabenchi matatu na foleni iliyotoka mpaka kwenye ngazi. Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri kama wa binti yao. Alimweka Bi Tiketi kidevu kwenye chombo, akammulika, akampima mara mbili, akamtia dawa, akammulika tena. Kisha akawageukia wote watatu na kusema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto limebaki na sehemu, na sehemu hiyo italindwa kwa matone asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yake, bila kukosa. Kilichopotea hakirudi, na alisema hivyo mara mbili ili wasije wakaenda kutapeliwa huko nje.

"Ameanza kulalamikia ukungu lini?" aliuliza akiandika.

"Miezi minne," alisema mzee.

Daktari aliacha kuandika. "Miezi minne. Sasa miezi minne yote mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunatengeneza kompyuta."

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akacheka, akidhani ni mzaha wa wazee. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akajifanya anapanga mafaili. Daktari hakuwafokea. Alisema tu kwamba wangewahi, la kulia lingebaki na kitu, akaandika dawa, akamwita anayefuata. Mzee aliona afadhali angefokewa.

*

Walipofika nyumbani mzee aliifungua kompyuta nyaya zote, akaiweka kwenye boksi, akalifunga kwa kamba. Binti aliposema tena habari ya televisheni alimwambia anunue chochote anachotaka. Hakula mchana. Binti alipokwenda dukani kufuata dawa, mzee alibaki jikoni amesimama tu, ameegemea sinki, kama mtu aliyeingia kuchukua kitu akakisahau.

Bi Tiketi alikuja polepole akipapasa ukuta, akaketi kwenye kigoda.

"Acha kujipiga," alisema. "Nilijua."

Mzee aligeuka.

"Nilijua tangu ile Jumamosi ya tatu. Kalenda nayo ilikuwa na ukungu. Sufuria nayo. Wewe mwenyewe, uso wako ulikuwa na ukungu, na uso wako hautokei mtandaoni."

"Ulijua," alisema mzee. "Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Hasira ilimpanda. Alitaka kusema kwamba amepigwa chenga ndani ya nyumba yake, amefanywa kichekesho cha mji, ametembea na kioo cha kuazima begani mbele ya walinzi, na kumbe mwenye jicho anajua. Alitaka kusema jicho si la mtu mmoja likishaolewa. Maneno yalimjaa kinywani yote kwa pamoja, akakosa la kutangulia. Kilichotoka kilikuwa kidogo tu.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unaniuliza," alisema Bi Tiketi. "Mzee wangu, unajua ni miaka mingapi hukuwa umeniuliza kitu? Chai yangu unaijua. Dawa yangu unaijua. Nitakalolisema unalijua kabla sijafungua mdomo. Sikulaumu, na mimi ni hivyohivyo. Halafu Jumamosi unatoa kichwa nyuma ya ile mashine, una vumbi puani, unaniuliza vipi sasa, mama, na unasubiri jibu. Unasubiri kweli. Nikajua siku nikikwambia tulia, utazima, utakwenda kulala, na yatakuwa yameisha." Alifuta magoti yake, ambayo hayakuwa na kitu. "Nikasema wiki moja zaidi. Ikapita, nikasema moja zaidi. Nilidhani ni uzee tu, utakwenda polepole kama mvi. Sikujua kwamba kinachokwenda hakirudi."

Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati, sauti ikafifia. Hasira ilikuwa bado ipo, na ilikuwa na haki ya kuwepo, lakini chini yake kulikuwa na aibu kubwa kuliko ya kliniki, kwa sababu alijaribu kukumbuka swali moja tu alilomwuliza mwanamke huyu mwaka jana, lisilohusu funguo wala bili, na hakulipata.

Binti alirudi na kichupa cha dawa, akakiweka mezani, akawaangalia wote wawili, na kwa busara yake akasema anakwenda kusalimia kwa jirani wa saluni. Mzee alisoma karatasi yote ya maelekezo akiwa ameisogeza puani. Akanawa mikono. Akamwambia mkewe ainue uso, akamvuta kope ya chini kwa kidole, na tone la kwanza likaangukia shavuni. La pili likaingia. Akamfuta kwa kona ya leso, akabaki ameshika kidevu chake, maana kwa ukaribu ule hata yeye na miwani yake aliona vizuri. Lilikuwa jicho lilelile. Kwa nje halikuwa na alama yoyote ya kilichotokea.

"Uliogopa?" aliuliza.

Bi Tiketi alipepesa jicho, dawa ikimchoma.

"Sana," alisema.

Mzee Mitambo akavuta kiti, akakizungusha mpaka upande wake wa kushoto, upande uliobaki, akaketi karibu na kumwuliza alianza kuogopa lini.